Nilikupima Umesimama

Mwanangu Oliva,

Barua hii haina safari ndefu. Inatoka chumba cha cherehani inakwenda chumbani kwako, hatua saba tu. Ningeweza kukusubiri urudi kutoka Kaengesa kumuaga bibi yako nikakuambia yote kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikianza kusema jambo zito, naishia kukuuliza kama umekula.

Kwa hiyo nimefunga mlango wa mbele, nimemwambia mama mwenye gauni la kipaimara arudi keshokutwa, na nimekaa pale pale ninapokaa kushona. Ni saa tisa mchana. Kesho saa kama hii utakuwa mbali. Mambo ya safari siyaandiki. Blanketi, vyeti, namba za simu, hayo umeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi.

Nataka kujibu swali lako la Jumanne. Ulisimama mlangoni na kikombe cha chai ukaniuliza, "Mama, Dada Editha amesema nikishatulia Moshi nitafute darasa la Pilatesi, litanisaidia kwenye masomo ya fiziotherapia. Hivi kule mtu anavaaje?"

Nikacheka. "Anavaa nguo," nikakujibu.

Ukacheka na wewe, ukarudi ndani. Nimekaa na jibu hilo siku tatu, halinishuki. Fundi aliyekaa kwenye cherehani miaka ishirini na mbili anaulizwa na mwanawe wa kumzaa habari za nguo, halafu anajibu kama anafukuza kuku! Ukweli ni kwamba niliogopa. Jibu la swali lako linapitia kwenye jambo nililokutendea ukiwa kidato cha tatu, na jambo hilo hatujalitaja, mimi na wewe, tangu siku ile.

Acha nianze na la karibu, maana huko ndiko nilikoanza kuelewa.

Ulipokuwa Mbeya, kidato cha tano, mgongo wangu uligoma. Nilikuwa nikiinuka kwenye cherehani nabaki nimepinda vile vile, kama bado nashona. Baba yako akirudi kutoka kazini Kasesya, mpakani, mwisho wa wiki ananikuta natembea sebuleni kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hospitali wakaniandikia niende kitengo cha viungo, na huko nikamkuta Dada Editha. Wewe umemfahamu baadaye, ulipojitolea pale hospitali, kama mwalimu wako, mimi nilimwona kwanza kama binti mdogo mwenye sauti ya chini na vidole vya chuma. Alinibonyeza mgongo mfupa kwa mfupa, kisha akasema, "Mama, mgongo huu hautaki vidonge. Njoo Jumamosi ukumbini, tunafanya Pilatesi."

Mimi nilisikia Pilato.

"Pilato yupi?" nikamuuliza. "Huyu wa Kwaresima?"

Alicheka hadi akashikilia kitanda. Akanieleza kwamba hilo ni jina la mtu mwingine kabisa, aliyebuni mazoezi ya kulala kwenye mkeka, kujinyoosha na kupumua polepole, ili misuli ya tumboni na mgongoni ijifunze kushika mwili. Nilimwelewa nusu. Lakini wiki nzima nilikuwa najiuliza: watu wazima wanatoka majumbani, wanalala chini, wanavuta pumzi, halafu wanasema wamefanya mazoezi? Sikukuambia kwenye simu, ila nilikwenda kwa udadisi kuliko kwa maumivu.

Nilivaa gauni la kitenge, lile pana la tausi, na kanga kiunoni. Niliamini nimevaa vizuri. Ukumbini tulikuwa wanawake tisa. Wengi niliwafahamu, na mmoja wao, Bi Salma mwenye duka la spea karibu na stendi, alikuja na baibui na soksi. Dada Editha akatuambia tulale chali, tunyooshe miguu yote miwili juu, nyayo zitazame dari.

Nikanyoosha. Gauni likashuka. Tausi wote wakanijia usoni.

Nilibaki gizani, ndani ya nguo niliyoishona kwa mikono yangu, nimeushika upindo kwa mikono yote miwili usiteremke zaidi, miguu inatetemeka hewani, na kwa mbali namsikia Dada Editha: "Mikono chini, mama. Pumua." Mikono iende chini vipi? Ilikuwa na kazi. Saa nzima nilifanya zoezi moja tu, la kushika nguo.

Na mle gizani ndimo nilimokuona. Niliiona miguu yako uwanjani, sketi imeizonga.

Ngoja nivute pumzi, ndiyo nifike huko.

Ulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wako wa michezo alikuja hapa nyumbani, akakaa kwenye lile benchi la wateja, akasema utaiwakilisha shule mita elfu moja na mia tano kwenye mashindano ya mkoa. Baba yako alifurahi kama yeye ndiye aliyechaguliwa. Wiki iliyofuata alirudi kutoka mpakani na taiti aliyoinunua upande wa Zambia, nyeusi, yenye mstari wa zambarau ubavuni. Ulikuwa unaivaa kila asubuhi unatoka nayo kwenye barabara ya mashambani, umande haujakauka. Mimi nilikuwa naona vumbi lako tu.

Jumapili moja baada ya misa, mama mmoja wa jumuiya yetu akanivuta pembeni. "Katibu wetu," akaniambia, "binti yako tunamwona barabarani, mapaja yote yamechoreka. Si wewe unayewashonea watoto wetu sare ndefu?" Alisema kwa upole, akinishika mkono. Upole ule ndio ulioniunguza. Angenitukana ningepata la kumjibu.

Nilifika nyumbani sijavua hata kitambaa cha kichwani. Taiti ilikuwa kwenye kamba, imekauka. Nikaishusha, nikaitandaza mezani, nikaikata. Mguu mmoja, halafu mwingine. Ulikuwa umesimama mlangoni. Hukulia. Ulisema tu, "Mama, mashindano ni Alhamisi."

"Na Alhamisi utavaa kama mtoto mwenye wazazi," nikakujibu.

Nikakushonea sketi alasiri ile ile. Tetroni ya sare, pana, chini ya magoti, upindo wa kukunja mara mbili. Nakumbuka niliugeuza ule upindo kwenye mwanga nikajisifia moyoni kwa ulivyonyooka.

Alhamisi nilikuja uwanjani. Juni, upepo wetu wa Ufipa unakata masikio. Raundi ya pili ulikuwa wa tatu, na aliyekutangulia alikuwa anachoka, hata mimi nisiyejua riadha niliona. Ulipokata kona, upepo ukaijaza sketi, ikajizungushia magotini, ukaanguka. Ukainuka. Ukaikusanya kwa mkono mmoja, ukaendelea hivyo, mkono mmoja unakimbia na mwingine umeshika nguo, hadi mwisho. Wote walikupita. Watu walikupigia makofi, yale ya kumfariji mtoto. Nikaja kukupangusa goti, nikakuambia, "Si lazima kila mtu awe mkimbiaji."

Neno hilo, Oliva. Taiti ingeweza kununuliwa nyingine. Neno hilo sijui linanunuliwa wapi.

Hukukimbia tena. Baba yako jioni ile aliniambia kwenye simu kitu kimoja tu: "Mama Oliva, ungeniuliza, maana ni mimi niliyeinunua." Nikajiambia umekua, umeacha michezo ya kitoto kama wasichana wengine. Na nilikuwa na sababu yangu nzuri nimeiweka tayari: nilipokuwa msichana Kaengesa, sketi yangu ilipasuka kwenye mpira wa pete, na wavulana wakanitania muhula mzima, sikurudi tena uwanjani. Kwa hiyo nilikuwa nakukinga. Sababu hiyo ni ya kweli, ila siyo iliyonituma Jumapili ile. Aliyekata nguo yako alikuwa katibu wa jumuiya aliyeona haya mbele ya mwenzake. Imenichukua miaka kuandika sentensi hiyo, na nimeiandika sasa hivi.

Jumamosi ile nilirudi kutoka ukumbini nikiwa na swali lisilonipa raha. Kile nilichokikata kilikuwa kitu gani hasa? Mimi ni fundi. Naweza kukutajia kitambaa kwa kukisikia kikichanwa nikiwa nimefumba macho. Lakini siku ile nilikata kitu nisichokijua kilivyoshonwa wala kwa nini kilishonwa hivyo.

Jumatatu nikaenda kwenye mitumba, nikachagua taiti moja iliyopauka, nikaileta hapa nikaifumua mshono kwa mshono. Sikuwahi kuifumua nguo kwa hamu namna ile. Wateja walikuja, nikawaambia warudi. Suruali zetu tunaunganisha vipande vinne na mishono yote inakutana msambani, pale miguu inapogawanyika, mahali penye mvuto kuliko pote, na ndipo zinapochanikia. Hii msambani ilikuwa na kipande kidogo, umbo la kashata, kimewekwa ili mishono isikutane. Nilikishika kile kikashata kwa muda mrefu. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikaa mezani kwake akamfikiria mwanamke anayetanua miguu, na hakumfikiria vibaya. Alifikiria tu asipate shida.

Nikapitisha kidole kwa ndani: hakuna tuta, mishono imelala bapa. Kiunoni hakuna lastiki ya kamba inayochora ngozi, ni kitambaa chenyewe kimekunjwa, kipana kama kiganja, kinapanda hadi juu ya kitovu. Nikakivuta kwa upana, kikavutika. Nikakivuta kwa urefu, kikavutika pia, nilipokiachia kikarudi mahali pake kama hakijaguswa. Nikaenda nacho dirishani, nikaingiza ngumi ndani nikaitanua, kuona kama vidole vyangu vitaonekana. Havikuonekana. Nikacheka peke yangu. Hata hilo walilifikiria!

Ungedhani nimeshajua. Nami nilidhani hivyo.

Bi Salma alisikia habari zangu, akaja hapa. "Fundi," akasema, "nishonee suruali ya kufanyia haya mazoezi, na blauzi ndefu ya juu yake, ifike magotini. Nataka nisitirike, lakini nisizame humo ndani." Nikampima: kiuno, nyonga, urefu. Nilikuwa na haraka. Nilitaka mji mzima ujue kwamba nguo za namna hii sasa zinashonwa hapa mtaani kwetu Izia. Kitambaa nilipata kizuri, lakini nilishona kwa mshono wa kawaida ulionyooka na uzi wa kawaida, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye cherehani.

Jumamosi ikafika zoezi la kubingiria. Unakaa, unashika vifundo vya miguu, unajikunja kama kifaranga ndani ya yai, kisha unabingiria nyuma hadi mabegani na kurudi. Bi Salma akabingiria. Tukasikia wote, trrrr, kama mtu anafungua zipu ya begi. Blauzi ikapanda hadi kifuani. Dada Editha akaruka na shuka akamfunika. Bi Salma alijifunga, akavaa baibui lake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Nilijua hali ile. Nilimwona mtu mwingine anaacha uwanja kwa sababu ya mshono wangu.

Safari hii sikungoja miaka. Jumatatu nikaenda dukani kwake. Nilimkuta ameketi katikati ya mafilta na mikanda ya injini, anamuuzia dereva mmoja plagi. Nikangoja dereva aondoke.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, fundi."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nilikupa siku ile ile, njiani. Ila nina ombi." Akashuka kwenye kiti, akachutama pale pale mbele ya kaunta, baibui limemzunguka sakafuni. "Nipime hivi."

"Hivi ulivyo?"

"Hivi nilivyo. Ulinipima nimesimama, fundi. Mimi sikuwa naenda kusimama."

Nikatoa futi kamba. Nikampima kwa nyuma, kutoka kiunoni hadi chini ya makalio, akiwa amechutama. Nikamwambia ainuke, nikapima tena. Tofauti ilikuwa karibu upana wa kiganja changu. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Miaka ishirini nawapima watu kama wanakwenda kupigwa picha, wamenyooka, wamebana pumzi, halafu nawashonea nguo ya kulimia, ya kubebea mtoto, ya kupandia pikipiki.

Nikakaa kwenye dumu tupu la oili. Bi Salma akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Nina binti yangu. Yeye pia nilimpima amesimama." Nikamsimulia yote, mtu wa kwanza kumsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akahudumia mteja mmoja katikati, akarudi. Hakunifariji. Alisema, "Huyo binti yuko hai, na wewe uko hai. Nenda ukashone kwanza."

Suruali ya pili niliishona kwa zigizaga, mshono wa kwenda upogoupogo ambao ukivutwa unanyooka badala ya kukatika. Nilitafuta sindano ya ncha butu isiyotoboa nyuzi za kitambaa. Nilikata kikashata cha msambani. Blauzi nikaipasua pembeni ili miguu ipite, na kwa ndani nikaishonea mkanda mpana unaoshika nyonga, akibingiria isipande. Alipokuja kuchagua rangi ya suruali alipita nyeusi, akapita ya kahawia, akashika rangi ya zumaridi.

"Nani ataiona?" nikamuuliza. "Blauzi yako inafika magotini."

"Mimi," akajibu.

Neno hilo lilinisumbua kwa uzuri. Nimeuza nguo maisha yangu yote nikidhani urembo ni kitu tunachowapa wanaotutazama. Siku aliyokuja nayo ukumbini sikutazama nguo, nilimtazama yeye. Alibingiria vizuri kuliko sisi sote, na kila akirudi kukaa nilikuwa naona ncha ya zumaridi kwenye vifundo vya miguu yake, na yeye anaiangalia, anatabasamu kidogo. Sasa nashangaa: kwa nini rangi mtu aipendayo inamnyoosha mgongo? Mwalimu wenu huko chuoni akijua, muulize kwa niaba yangu.

Nami nikajishonea ya rangi ya damu ya mzee. Siku ya kwanza niliivaa na kanga juu yake hadi ndani ya ukumbi, na hata mle nilikaa dakika kadhaa sijaifungua. Nilipolala chali nikanyoosha miguu, nikasubiri kitu kianguke. Hakuna kilichoanguka. Mikono yangu ikalala chini yenyewe, haina kazi. Pumzi ikaingia mpaka kwenye mbavu za chini, mahali ambapo sikuwa nimewahi kuisikia. Machozi yakanitoka pembeni, yakaingia masikioni. Dada Editha akaja kuniinamia. "Ni mgongo, mama?" Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza mtu anavaaje, hivi ndivyo ninavyoweza kukujibu. Ukiingia dukani usijitazame kwenye kioo umesimama. Chutama. Inua mikono. Inama kama unaokota shilingi. Wakikuruhusu, kaa chini ujikunje kama kifaranga, na wauzaji wakikushangaa waache wakushangae. Kama katika hayo yote mkono wako umekwenda hata mara moja kuvuta nguo, irudishe kwenye kining'inizo, hata iwe nzuri namna gani. Fulana pana sana itakufanyia kama tausi wangu walivyonifanyia. Pamba tupu nzito ni tamu mwilini, lakini inakunywa jasho na kukaa nalo, na Moshi haina baridi yetu hii. Sidiria ikikuachia alama nyekundu, hiyo ni ya mtu mwingine. Miguu peku inatosha, au soksi zenye vidoti vya mpira chini usiteleze. Na rangi chagua ile itakayokufanya uitamani siku ya darasa.

Yapo ambayo bado siyajui. Kuna kimfuko kidogo nyuma ya kiuno kwenye nyingine, sijui ni cha nini, funguo au sadaka. Na kwenye simu naona wengine wamevaa za mikanda minne inayopishana mgongoni, sijaelewa mtu anaingiaje mle peke yake. Ukiijaribu niambie kichwa kinapita wapi.

Sitakuambia usijali macho ya watu. Ningekuwa mnafiki, maana mimi niliyajali na bado nayajali, ndiyo maana ile kanga. Wala sisemi taiti ni njema na sketi ni mbaya. Umeona Bi Salma. Nilikukosea kwa sababu hukuulizwa. Nilijua kila kitu kuhusu upindo, na sikujua chochote kuhusu aliyekuwa ndani ya sketi. Naomba unisamehe, mwanangu. Si lazima unijibu leo, wala kesho stendi mbele ya watu. Hata ukichukua muda mrefu kama niliochukua mimi, nitaelewa.

Kuna jambo la mwisho ambalo hata baba yako halijui.

Jana asubuhi, ulipokuwa unafunga vitabu kwa kamba, nilikuambia naenda sokoni. Sikwenda sokoni. Ndani ya gauni nilikuwa nimevaa ile suruali ya damu ya mzee. Nikashika barabara ya mashambani, nikalivua gauni nyuma ya ghala la kwanza, nikalikunja nikalificha. Nikatazama mbele. Nikatazama nyuma. Halafu nikakimbia.

Nilikuwa sijafika mbali nikakutana na mama mmoja na ndoo kichwani. "Mama Oliva!" akapiga kelele. "Kuna msiba?"

"Hakuna!"

"Umeitwa shuleni? Nyumba inaungua?"

"Hakuna kitu! Nakimbia tu!"

Akaitua ndoo chini kabisa, akasimama kunitazama hadi nikamwishia machoni.

Nilifika kwenye mikaratusi, pale barabara inapoanza kuteremka, na pumzi ikaisha. Nikainama, mikono magotini, moyo unapiga hadi kwenye meno. Mbele yangu mahindi yaliyokauka yalikuwa yanachezacheza upeponi, jua limeyafikia nusu. Na kulikuwa na kitu, Oliva. Kilikuja mara moja tu, katikati ya mbio, hatua kumi hivi, nikiwa nimesahau mgongo, nimesahau ukatibu, nimesahau hata kwamba ninakimbia. Sikuwahi kukihisi mahali popote, wala kanisani, wala kwenye cherehani. Nilipokigeukia nikitazame, kikaondoka.

Mimi nimefika mikaratusini tu. Wewe ulikuwa unateremka mpaka chini kule, unavuka, unapanda upande wa pili, kila asubuhi, na sikukuuliza hata siku moja. Huko mbele kuna nini? Nisimulie.

Mama yako.